Pensheni ya walimu: Ni nani anayefaa kuketi katika bodi ya wadhamini?

WALIMU wengi wa Sotik, mji ulio kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Kisii, ni wakulima pia. Alfajiri maziwa hutolewa, majani chai hupelekwa kwenye kituo cha kununulia, kisha mwalimu huvaa koti na kukimbilia darasani. Kwa sababu hiyo pesa za mwalimu huyo haziko chini ya bodi moja. Za chai zinaamuliwa na wakurugenzi wa kiwanda kilicho chini ya KTDA. Za akiba ziko kwa chama cha ushirika, kama vile Imarisha ya Kericho, ambayo ilianza ikiwa chama cha walimu wa Kipsigis kabla ya kubadilisha jina na kufungulia wengine milango. Bodi hizi mbili anazifahamu. Majina ya wakurugenzi wake hutajwa sokoni, na msimu wa uchaguzi ukifika wagombea humfuata hadi nyumbani.

Bodi ya tatu iko Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Sotik, nayo ndiyo yenye pesa atakazozitegemea atakapokuwa hana tena nguvu za kuchuma chai wala kushika chaki. Hii ni bodi ya wadhamini wa Mpango wa Malipo ya Uzeeni kwa Watumishi wa Umma, unaojulikana kwa kifupi kama PSSS. Kuhusu bodi hii mazungumzo huwa machache, ingawa kila mwezi hati ya mshahara humkumbusha mwalimu kwamba sehemu ya jasho lake imekwenda huko.

Ukimya huo una chanzo chake katika historia. Kwa miongo mingi mwalimu wa Kenya hakuwa na hazina ya pensheni. Alichokuwa nacho ni ahadi. Chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, serikali ilimlipa mstaafu kutoka kwa mapato yake ya kawaida, bila mwalimu kuchangia chochote kwa pensheni yake mwenyewe. Walimu wanaume walikatwa asilimia 2 tu kwa ajili ya mpango wa wajane na watoto. Hesabu ilikuwa rahisi. Kila mwezi wa utumishi ulihesabiwa kuwa sehemu moja ya 480 ya mshahara wa mwaka. Mwalimu aliyetumika miaka 30, yaani miezi 360, na kustaafu akipata Sh40,000 kwa mwezi, alistahili pensheni ya Sh30,000 kwa mwezi, kabla ya kukatwa ile robo ambayo wengi huchukua kwa mkupuo kama kiinua mgongo.

Palipo na ahadi bila hazina, hapana bodi. Aliyekuwa na neno la mwisho ni Wizara ya Fedha, na mwalimu aliyeona amedhulumiwa alibaki na njia mbili tu, chama chake au mahakama.

Yaliyowapata waliostaafu baada ya 1997 yanaonyesha jinsi njia hizo zilivyo ndefu. Mnamo Oktoba 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, walimu waligoma chini ya uongozi wa Ambrose Adongo, katibu mkuu wa Chama cha Kitaifa cha Walimu (KNUT). Serikali ikakubali kuongeza mishahara kwa kati ya asilimia 150 na 200, nyongeza hiyo itolewe kwa awamu katika muda wa miaka mitano. Awamu ya kwanza ililipwa. Zilizofuata zikakwama, na mgomo wa 1998 haukuzikwamua. Wakati huohuo maelfu ya walimu walikuwa wakifikisha umri wa kustaafu, nao pensheni zao zikahesabiwa kwa mishahara ya zamani. Walikwenda mahakamani, na mnamo 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru ikawapa ushindi. Hata hivyo, hukumu haikugeuka kuwa pesa mara moja. Mvutano kuhusu malipo uliendelea kwa miaka mingine mingi, na wako waliozikwa kabla ya kuona haki yao.

Mfumo huo ulibadilishwa na sheria iliyopitishwa 2012 lakini ikaanza kutekelezwa Januari 1, 2021. Watumishi wa umma waliokuwa na umri wa chini ya miaka 45 siku hiyo waliingizwa kwenye PSSS kwa lazima, nao waliokuwa na miaka 45 au zaidi wakapewa hiari ya kujiunga au kubaki katika mfumo wa zamani. Walimu walio chini ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) wamo, pamoja na watumishi wa wizara, polisi na askari wa magereza. Mfanyakazi alianza kwa kukatwa asilimia 2 ya mshahara wake wa msingi mwaka wa kwanza, asilimia 5 mwaka wa pili, na asilimia 7.5 kuanzia mwaka wa tatu. Serikali ikiwa mwajiri hutoa asilimia 15.

Tofauti kubwa si makato hayo tu. Katika mfumo wa zamani kiasi cha pensheni kilijulikana kwa hesabu ya mshahara na miaka. Katika huu mpya hakuna anayejua. Mwalimu atapata kile kilichochangwa pamoja na faida iliyozalishwa, na faida hiyo inategemea uamuzi wa watu waliokaa kwenye meza moja Nairobi. Hapo ndipo swali la nani aketi kwenye meza hiyo linapoacha kuwa la wanasheria na kuwa la mwalimu mwenyewe.

Mfano mdogo unatosha. Mwalimu anayepokea mshahara wa msingi wa Sh40,000 huchangia Sh3,000 kwa mwezi, na serikali humwekea Sh6,000. Jumla ni Sh9,000 kwa mwezi, au Sh108,000 kwa mwaka. Tuseme mshahara haupandi kabisa kwa miaka 25. Hazina ikipata faida ya asilimia 9 kwa mwaka, akiba yake itakuwa takriban Sh9.1 milioni. Ikipata asilimia 8, itakuwa takriban Sh7.9 milioni. Asilimia moja tu, ambayo inaweza kupotea kwa ada kubwa za mawakala, kwa jengo lililonunuliwa kwa bei ya kuruka au kwa michango iliyocheleweshwa, humnyima mwalimu mmoja zaidi ya Sh1.2 milioni. Hakuna atakayemwibia mfukoni. Hata hatajua kwamba alizipoteza.

KAZI YA MDHAMINI

Wengi hudhani mdhamini ndiye anayewekeza pesa. Sivyo. Sheria ya Malipo ya Uzeeni ya 1997, iliyounda mamlaka ya RBA inayosimamia sekta hii, inatenganisha majukumu. Meneja wa uwekezaji hununua na kuuza hisa na hati za dhamana. Benki tofauti hutunza mali yenyewe, ili meneja asiweze kutoroka nayo. Msimamizi huweka rekodi za wanachama na kuwalipa. Mkaguzi wa hesabu hukagua wote. Wadhamini ndio huwaajiri hao, huwafuta, huandika sera ya uwekezaji na kujibu pesa zikipotea. Kanuni zinawawekea mipaka: kwa mfano, mali isiyohamishika, yaani ardhi na majengo, isizidi asilimia 30 ya hazina, na pesa za hazina zisitumiwe kumkopesha mtu yeyote.

Kwa hivyo mdhamini hahitaji kuwa mfanyabiashara wa Soko la Hisa la Nairobi. Anahitaji kuwa mtu anayeweza kumsikiliza meneja akijisifu kwa dakika 40, kisha amuulize ni kwa nini faida ya mwaka jana ilikuwa chini ya ile ya hati za serikali, ambazo mtu yeyote angeweza kuzinunua bila kulipia ushauri. Mwalimu wa hisabati wa shule yoyote ya upili karibu na Sotik anaweza kujifunza kuuliza swali hilo. Asichoweza kujifunza darasani ni ujasiri wa kuliuliza mbele ya katibu wa wizara.

Sheria yenyewe haiweki sharti la shahada. Inachoweka ni vizuizi. Aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi hawezi kuwa mdhamini, wala aliyetangazwa na mahakama kuwa amefilisika, wala aliyehusika katika usimamizi wa mpango uliofutiwa usajili kwa sababu ya uzembe wa wasimamizi wake. Ni kizingiti cha chini mno. Mtu anaweza kukiruka bila kujua tofauti kati ya hisa na hati ya dhamana.

Kuhusu viti, kanuni za 2000 za mipango ya waajiri zinatoa mwongozo ambao kila mwalimu anafaa kuujua. Katika mpango wa aina ya zamani, ambao mwajiri ameahidi kiasi maalumu, wanachama wanastahili kuchagua angalau theluthi moja ya wadhamini. Katika mpango wa aina ya PSSS, ambao malipo hutegemea michango na faida yake, wanastahili angalau nusu. Mantiki yake iko wazi. Hapo zamani hasara ingemwangukia mwajiri aliyeahidi, kwa hiyo mwajiri alikuwa na haki ya kushika usukani. Sasa hasara inamwangukia mwanachama. Anayebeba hasara ndiye anayepaswa kuwa na sauti.

SERIKALI: MWAJIRI, MDAIWA NA MKOPAJI

Serikali ina haki ya kuketi. Inatoa shilingi mbili kwa kila shilingi moja ya mwalimu, na hakuna sheria ya busara inayoweza kumfungia nje anayelipa theluthi mbili. Lakini nafasi yake katika hazina hii ni ya aina yake.

Kwanza ni mwajiri. Pili, kila mwezi kabla ya kuwasilisha michango, ni mdaiwa wa hazina. Tatu, ni mkopaji, kwa kuwa kanuni za uwekezaji zinaruhusu hadi asilimia 90 ya hazina kuwekwa katika hati za serikali. Ofisa wa Wizara ya Fedha anayeketi kwenye bodi anaweza kujikuta akijadili siku moja kama wizara yake ishtakiwe kwa kuchelewesha michango, na kesho yake kama hazina iikopeshe wizara hiyohiyo. Hata mtu mwadilifu namna gani hawezi kuvaa kofia zote hizo bila moja kudondoka.

Hilo halina maana kwamba hati za serikali ni uwekezaji mbaya. Mara nyingi ndizo salama zaidi zilizopo. Hoja ni kwamba uamuzi wa kuzinunua ufanywe na wanaotafuta faida ya walimu, si na wanaotafuta mkopo.

Nchini Tanzania walimu wanalijua jambo hili kwa uchungu. Wengi wao walikuwa katika mfuko wa PSPF, ambao mnamo Agosti 2018 uliunganishwa na mingine mitatu kuwa PSSSF. PSPF ilikuwa imebeba mzigo wa kuwalipa wastaafu kwa miaka ya utumishi ya kabla ya 1999, wakati ambao michango haikuwa imetolewa, na serikali ikadaiwa deni hilo kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2021 ndipo ilipotoa hati fungani maalumu ya zaidi ya Sh2 trilioni za Tanzania ili kulilipa. Katika kipindi hicho mwakilishi wa serikali kwenye meza ya wadhamini alikuwa mwakilishi wa mdaiwa mkubwa kuliko wote.

Tanzania inafundisha pia mipaka ya bodi yoyote. Mnamo 2018 kanuni mpya ya kikokotoo ilipunguza malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, na ghadhabu ya wafanyakazi, walimu wakiwa mstari wa mbele, ilimfanya Rais John Magufuli kuisimamisha Desemba mwaka huo. Kikokotoo kilichofuata 2022 kiliweka asilimia 33, na 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa watumishi wa umma. Hayo yote yaliamuliwa na serikali na Bunge. Mwalimu anayemchagua mdhamini akitumaini kwamba atampandishia kiinua mgongo atakuwa amemtuma mtu sokoni kununua kisichouzwa huko.

VIONGOZI WA VYAMA

Kwa upande wa wanachama, wa kwanza kunyoosha mkono huwa ni vyama: KNUT na kile cha walimu wa shule za upili na vyuo, KUPPET. Wana hoja. Chama kina matawi hadi mashinani, kina mawakili, na kiongozi wake hategemei wizara kwa kazi yake. Mwalimu mmoja mmoja akimkabili waziri huweza kuhamishwa hadi jimbo la mbali. Katibu mkuu hawezi kutishwa kwa urahisi hivyo.

Thamani ya ujasiri huo ilionekana 2014 katika Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF), ambayo huwahudumia wafanyakazi wa sekta ya kibinafsi, wakiwemo wachuma chai wa mashamba makubwa ya Sotik na Kericho. Sheria ya NSSF huwapa waajiri, kupitia shirikisho lao FKE, na wafanyakazi, kupitia COTU, nafasi kwenye bodi. Mwaka huo ulizuka mzozo kuhusu mradi wa barabara na mitaro katika mtaa wa Tassia, Nairobi, uliokadiriwa kugharimu zaidi ya Sh5 bilioni. Francis Atwoli wa COTU na Jacqueline Mugo wa FKE, wote wakiwa wadhamini, walisema hadharani kwamba bodi haikuwa imeidhinisha mradi huo, huku wasimamizi wakishikilia kwamba iliidhinishwa. Mjadala ukafika Bungeni. Bila wawakilishi wa nje kwenye meza, umma haungejua kulikuwa na shaka yoyote. Ni ajabu kidogo kwamba mara hii mwakilishi wa wafanyakazi na yule wa waajiri walisimama upande mmoja, jambo linaloonyesha kuwa mpaka wa maana kwenye bodi si ule wa tabaka bali ule wa wanaotaka kuona kumbukumbu za mkutano na wasiotaka.

Hata hivyo, kiti cha chama kina kasoro zake. Kiongozi wa chama huchaguliwa ili kupigania mishahara, na huchaguliwa kwa sifa za jukwaani. Sifa hizo hazisaidii sana mbele ya kurasa 80 za hesabu. Isitoshe, vyama vyenyewe huwa na misukosuko. Mzozo wa KNUT na TSC uliomalizika kwa Wilson Sossion, mzaliwa wa Bomet, kuondoka kwenye wadhifa wa katibu mkuu 2021, uliambatana na maelfu ya walimu kuhama chama hicho. Wakati kama huo kiti cha mdhamini kilichofungwa kwenye ofisi ya katibu mkuu huwa mateka wa vita visivyohusu pensheni. Mwalimu aliyejiondoa chamani bado anakatwa asilimia 7.5. Ni nani humwakilisha?

Kisheria mdhamini akishaketi si mjumbe tena wa aliyemtuma. Wajibu wake ni kwa wanachama wote, awe mwalimu wa Ndanai au askari wa gereza la Kericho. Viongozi wa vyama na maofisa wa serikali huona ugumu uleule katika kulikubali hilo.

WALIMU WENYEWE

Je, suluhisho ni walimu wachaguane, kama wafanyavyo katika vyama vya akiba? Jibu la haraka ni ndiyo. Lakini walimu wa Kenya wana kumbukumbu inayowalazimu kufikiri mara mbili.

Mwalimu Sacco, chama kilichoasisiwa 1974, kina bodi inayochaguliwa na wanachama kupitia wajumbe. Serikali haina la kufanya humo isipokuwa kukidhibiti kisheria. Bodi hiyo ya walimu, iliyochaguliwa na walimu, ndiyo iliyoamua kati ya 2014 na 2015 kununua asilimia 75 ya Equatorial Commercial Bank. Baadaye chama kikachukua benki nzima, ambayo 2016 ilipewa jina la Spire. Ndoto ilikuwa nzuri: walimu wawe na benki yao. Lakini benki hiyo ilikuwa mgonjwa tangu mwanzo, waweka akiba wakubwa wakaondoa pesa zao, hasara ikafuata hasara, na mapema 2023 Equity ikachukua amana, madeni na sehemu ya mali zake. Mabilioni ya akiba za walimu yalikuwa yamezama.

Somo hilo haliwapi nguvu wanaosema walimu wasiachiwe pesa zao. NSSF, ambayo uteuzi wa serikali una uzito mkubwa ndani yake, nayo ilipoteza zaidi ya Sh1 bilioni wakati wakala wa hisa Discount Securities alipoanguka mwishoni mwa miaka ya 2000. Uingereza, ambako watu hupenda kuiga, Robert Maxwell alipokufa 1991 iligunduliwa kuwa zaidi ya pauni milioni 400 zilikuwa zimetoweka kwenye pensheni za wafanyakazi wa magazeti yake, huku bodi zenye wataalamu wa kila aina zikitazama. Ni kashfa hiyo iliyozaa sheria ya 1995 iliyowapa wanachama wa Uingereza haki ya kuteua theluthi moja ya wadhamini.

Kinachoonekana ni kwamba kura humpa mwanachama sauti, lakini haimpi ujuzi, na ujuzi peke yake hauna uaminifu. Mikoa na nchi zilizofanikiwa zimejaribu kuunganisha vyote viwili kwa njia tofauti.

Jimbo la California, Marekani, hazina ya walimu ya CalSTRS ina bodi ya watu 12. Watatu huchaguliwa moja kwa moja na walimu walio kazini. Mwingine ni mstaafu, na mwingine hutoka katika bodi za shule. Watatu huwakilisha umma, na wanne huingia kwa vyeo vyao serikalini. Afrika Kusini, bodi ya GEPF ya watumishi wa umma ina wadhamini 16, nusu wa mwajiri na nusu wa wafanyakazi na wastaafu.

Mfano unaofaa kuchunguzwa zaidi ni wa Ontario, Kanada. Hadi 1990 pensheni ya walimu huko ilisimamiwa na serikali ya jimbo, na pesa zote ziliwekwa katika hati za serikali hiyohiyo, hati ambazo hazikuweza kuuzwa sokoni. Mwaka huo serikali na shirikisho la walimu wakaunda chombo huru. Bodi ina watu 11: watano huteuliwa na serikali, watano na walimu, na mwenyekiti huchaguliwa na pande zote mbili kwa pamoja. Jambo la kuzingatia ni kwamba walimu hawaoni lazima watume mwalimu. Hutuma mtaalamu wa fedha, wa bima au wa sheria wanayemwamini, na wanaweza kumwondoa. Hazina hiyo ilifikisha mali ya zaidi ya dola za Kanada bilioni 250 mwaka wa 2024. Haikosi makosa: 2022 ilipoteza dola za Marekani milioni 95 katika kampuni ya sarafu za kidijitali ya FTX. Lakini hasara hiyo ilikuwa sehemu ndogo mno ya mali yake, kwa sababu haikuwa imeweka mayai yote kapu moja.

Kwa maneno mengine, swali la nani aketi limefunika swali kubwa zaidi, la nani humtuma na nani anaweza kumrudisha nyumbani.

KITI KWA MWALIMU WA SOTIK

Wakulima wa chai wa eneo hili wamewahi kupitia mjadala wa aina hii. Kwa muda mrefu kura za kuchagua wakurugenzi wa viwanda vya KTDA zilipimwa kwa hisa, mwenye hisa nyingi akawa na kura nyingi. Sheria ya Chai ya 2020 na mageuzi yaliyofuata 2021 yalisukuma kanuni ya mkulima mmoja kura moja, katikati ya kesi nyingi mahakamani. Mwalimu aliyeshiriki kampeni hizo akiwa mkulima hatashangazwa na pendekezo kwamba viti vya wanachama katika bodi ya pensheni vipigiwe kura na kila anayechangia, awe ndani ya chama au nje.

Uchaguzi huo unaweza kufanywa kwa simu, kwa kuwa kila mwanachama ana nambari katika rekodi za mwajiri. Wagombea wapitie kwanza mchujo wa ujuzi unaojulikana mapema, na atakayeshinda akamilishe mafunzo ya wadhamini kabla ya kupiga kura yake ya kwanza kwenye bodi, si baada ya mwaka mzima wa kujifunza kwa pesa za wenzake. Vyama viwe na haki ya kupendekeza majina, bila kuwa na kiti cha urithi. Kiti kimoja au viwili viwe vya wataalamu wasio wanachama wala watumishi wa serikali, wanaoteuliwa kwa makubaliano ya pande mbili kama ilivyo kwa mwenyekiti wa Ontario. Na kwa kuwa Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya umma, bodi ya hazina yenye walimu wengi wanawake haina kisingizio.

Suala la wastaafu ni gumu kuliko linavyoonekana. Katika mpango wa michango, anayestaafu huchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo na kwa kawaida hutumia sehemu iliyobaki kununua malipo ya kila mwezi kutoka kwa kampuni ya bima. Akishanunua, pesa zake hazimo tena katika hazina. Walimu wazee waliobaki mfumo wa zamani nao hawamo. Mstaafu akiketi kwenye bodi ataketi kwa hekima yake, si kwa pesa zake, na ingefaa kulisema hilo waziwazi.

Kuna pia walioachwa nje kabisa. Mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, ambaye katika shule nyingi za mashambani hufanya kazi ileile kwa mshahara mdogo, hayumo katika PSSS. Yeye na mwenzake wa shule ya kibinafsi wako chini ya NSSF, iwapo mwajiri anawasilisha michango. Atakapoajiriwa na TSC akiwa na miaka 35, atakuwa amepoteza miaka kumi ya michango mikubwa ya serikali.

Kwa sasa mwanachama ana silaha chache ambazo hazihitaji kusubiri sheria mpya. Sheria inamruhusu kupata taarifa ya akiba yake kila mwaka na kuhudhuria mkutano mkuu wa wanachama. Taarifa hiyo ikilinganishwa na hati za mshahara za miezi 12 huonyesha mara moja kama kila mchango, wa mwalimu na wa serikali, umefika. Usipolingana, malalamiko hupelekwa kwanza kwa wadhamini, kisha kwa RBA.

Mwalimu aliyekuwa na miaka 44 mpango ulipoanza atafikisha miaka 60 karibu 2036, na kundi kubwa la wa umri wake litaanza hapo kudai kilichowekwa. Aliyekuwa na miaka 25 atasubiri hadi karibu 2055. Kati ya hapo na sasa, kila atakayekalia viti hivyo atakuwa ameondoka kabla bili ya maamuzi yake haijafika Sotik.